Viatu Vilivyosafiri Bila Mwenyewe

Kwenye mkataba wangu kimeandikwa "chumba cha abiria wa daraja la biashara". Sisi tunaokifagia tunakiita VIP. Kina viti kumi na viwili, friji, birika la umeme, dirisha kubwa linalotazama njia ya ndege, na zulia la rangi ya damu ya mzee ambalo lilikuwa jipya kabisa siku niliyoanza kazi. Uwanja wetu wa Mtwara si mkubwa. Ukisimama kwenye dirisha lile unaona ndege ikitua, inageuka, inakuja, na unaweza kumtambua abiria kabla hajamaliza ngazi.

Niliingia pale na cheti cha darasa la saba na aibu ya kuwatosha watu wawili. Kampuni ndogo iliyokodi chumba ilinipa miezi mitatu ya majaribio. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kuwaandikisha kwenye kitabu, kuwawekea chai na korosho, na kuhakikisha choo kinanukia vizuri. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja kutoka Mbeya, mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku miaka mingi iliyopita. Alikuwa mtu wa haki, lakini sauti yake ilikuwa ya kanisani, ya kuimba bila kipaza sauti, na akikuita unadhani umeshakosea.

Siku ya kwanza nilifika asubuhi, nikafungua mlango, nikaliona zulia, nikavua ndala. Sikukaa nikafikiri. Nyumbani kwetu Mtawanya hata mkeka uliotoboka haukanyagwi na viatu, sembuse kitu kinene namna ile. Nikaziweka ndala zangu pembeni ya mlango, nikaingia peku.

Abiria wa kwanza alikuwa mzee wa Mikindani mwenye kanzu. Akaziona ndala, akavua makubazi yake. Wa pili alikuwa ofisa mmoja wa serikali mwenye suti. Akaona jozi mbili, akasimama kidogo, akainama kufungua kamba. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Mpaka ndege inatua, jozi tisa zilikuwa zimepangana mlangoni kama kwenye shughuli ya maulidi, na wenye viatu wamekaa ndani wamenyoosha miguu, mmoja soksi yake imetoboka kidole gumba.

Mama alipokuja alisimama mlangoni.

"Hapa ni msikitini?"

"Hapana, mama."

"Kuna msiba?"

"Hapana, mama."

"Sasa wanavua nini?"

Nikatazama miguu yangu. Akaangalia wageni, akaona wametulia, akaninong'oneza, ingawa kunong'ona kwake kulisikika hadi kwenye friji. "Binti, VIP za dunia nzima watu wanaingia na viatu vyao. Hii ni daraja la biashara."

Maneno yale yalinikaa. Dunia nzima wanaingiaje? Nani amekwenda kuangalia? Mama mwenyewe alishawahi kuniambia kwamba ameingia chumba cha namna hii kimoja tu, Dar es Salaam, akimsindikiza askofu. Mimi ndege naifahamu kwa chini, tumbo lake na magurudumu. Nilianza kuwatazama wageni wangu kwa jicho lingine. Watu hawa wamekaa vyumba vya kila mahali. Vinafananaje? Wanakula nini huko? Nani anawawekea chai?

Kuuliza kwa mdomo nisingeweza. Mgeni akinitazama usoni maneno yananikimbia. Kwa hiyo nilinunua daftari, na jioni moja nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza, taratibu, kwa herufi zilizosimama: "Chumba cha kusubiria ndege ulichokaa kabla ya hiki kilikuwaje? Tafadhali andika." Nikaliweka mezani pamoja na kalamu, karibu na bakuli la korosho. Mtu anayekula korosho huwa na mkono mmoja hauna kazi.

Waliandika. Kijana wa Nairobi aliandika kwamba kwao kila kiti kina tundu la umeme, na watu wanakaa wanatazama simu kama wanafunzi wa mtihani. Mama mmoja mzungu aliyekuja kwa mambo ya gesi aliandika kwa Kiingereza, nusu ukurasa. Mama msimamizi akanisomea: kwao kuna moto halisi unawaka nyuma ya kioo, watu wanauzunguka, na hakuna anayemsemesha mwenzake.

"Wamegombana?" nikauliza.

"Ndivyo walivyo," mama akasema. Akafunua ukurasa mwingine, akakaa chini ili asome vizuri.

Kulikuwa na mama mfanyabiashara kutoka upande wa pili wa mto Ruvuma. Huvuka kwa kivuko cha Kilambo, anakuja kupandia ndege kwetu. Yeye hakuandika. Alinisemesha Kimakonde, na kwa Kimakonde aibu yangu hupungua. Alisema chumba alichokaa mara ya mwisho, Maputo, kina kapeti la bluu na kinanda kikubwa kisichopigwa na mtu. "Nimekaa saa tatu nakitazama," alisema. "Nikajiuliza, hiki nacho kinasubiri ndege gani?"

Mama msimamizi akalipenda daftari. Kuhusu viatu hakuridhika, lakini wageni walikuwa wanamsifia kwamba chumba chake kina utulivu, na zulia lilibaki jipya. Akanipa ruhusa kwa sharti moja. Alinionyesha mlango kwa kidole.

"Siku kiatu cha mtu kikipotea hapa, na wewe umepotea. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mama."

Katika wageni wangu wa mara kwa mara alikuwepo mzee mmoja mnunuzi wa korosho, Myao wa Masasi. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka, na alipogundua mimi ni Mmakonde hakunipa nafasi. Myao na Mmakonde ni watani, na mtani huwa haulizi kama una nafasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umenipikia ming'oko?"

Natikisa kichwa. Viazi hivyo vya porini huliwa kwetu nyumbani, si VIP.

"Mmakonde gani huna ming'oko! Umeiacha nyumbani unaionea aibu? Wewe lazima ulibadilishwa hospitali. Mmakonde hanyamazi hivi."

Mimi nacheka na sahani ya chai inacheka pamoja nami. Nyumbani, kwa watu ninaowajua, ningemrudishia. Pale nilikuwa na sare na beji, na ulimi ulikuwa mzito.

Asubuhi ya shida, ilikuwa imebaki wiki moja majaribio yangu yaishe. Chumba kilikuwa kimejaa. Mzee wa korosho alikuwa anakwenda Dar, kisha Dubai, kisha India, kisha Vietnam, kuwaona watu wanaobangua korosho zetu. Pembeni yake alikaa bwana mmoja mkubwa wa bandarini, ambaye yeye hakuwa msafiri, alikuja kumsindikiza mgeni wake wa makao makuu. Hawakusemezana. Mzee alikuwa anaongea na simu kuhusu magunia, bwana wa bandarini alikuwa anaongea na mgeni wake kuhusu meli. Mlangoni, jozi zao mbili za viatu vyeusi zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu.

Ndege ikaitwa. Mzee wa korosho akainuka bado simu iko sikioni, akaingiza miguu bila kutazama, akaenda. Bwana wa bandarini akabaki dirishani mpaka ndege ikaruka, akapunga mkono ingawa hakuna aliyemwona, akarudi mlangoni.

Akaingiza mguu mmoja. Akautoa. Akainama.

"Binti. Viatu vyangu viko wapi?"

Iliyobaki ilikuwa jozi moja nyeusi, yenye kamba kama za viatu vyake, yenye umbo lilelile, ila ndani yake ungeweza kulaza mtoto mchanga. Nilijua palepale ni ya nani.

"Nina kikao bandarini saa nne," alisema. "Saa nne! Nitaingiaje na hivi? Nitavuta miguu kama bata?" Sauti ilizidi kupanda. "Nani alianzisha huu mchezo wa kuvua viatu hapa?"

Mama msimamizi alishafika. Alinitazama tu.

"Nataka karatasi," bwana akasema. "Naandika barua kwa kampuni yenu sasa hivi. Nataka jina la aliyehusika."

Mama akaleta karatasi. Ilibidi. Bwana akakaa kwenye kiti, na soksi zake za kijivu, akatoa kalamu mfukoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika. Nilimwona anaandika tarehe. Nilikuwa nimemwandikisha asubuhi ile, na pale alipoulizwa anatoka wapi alikuwa ameandika Newala, na jina lake la ukoo ni la Kimakonde kabisa, halifichiki. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema. Ni jambo ambalo kwa wageni wengine lisingekuwa na maana yoyote, na kwa mtoto mdogo wa Newala lingetosha. Lakini kulisema mbele ya bwana mkubwa aliyekasirika, kwa sauti, mimi?

Kalamu ikafika mstari wa pili.

"Baba," nikasema.

Hakusikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima.

"Baba, aliyevichukua ni Myao."

Kalamu ikasimama. Akainua uso taratibu.

"Unasemaje?"

"Myao wa Masasi. Yule mrefu."

Alinitazama, kisha akavitazama vile viatu vikubwa mlangoni, kisha mdomo wake ukaanza kumsaliti kutoka upande mmoja.

"Myao," akasema. "Myao kaniibia viatu!" Akapiga paja. "Ningejua! Tangu enzi za babu zao wanatembea kutoka huko kwao mpaka pwani, kumbe walikuwa wanatembelea viatu vyetu!" Akacheka mpaka akavua miwani. Mama msimamizi, ambaye huko kwao Mbeya nao wana watani wao, alianza kucheka kabla hajaelewa vizuri, kisha akaelewa akacheka upya. Bwana akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Nipeni namba yake. Mtani hashtakiwi, mtani anatozwa."

Namba ilikuwa kwenye kitabu cha wageni. Akanywa chai kusubiri ndege itue Dar, akampigia mzee, akaweka simu kwenye sauti kubwa ili tusikie.

"Wewe Myao, umevaa nini miguuni?"

Ikasikika sauti ya viatu vikigonga sakafu. Kisha: "Lo! Ndiyo maana vinanibana! Nilidhani miguu imevimba kwa ajili ya ndege."

"Vivue uvirudishe."

"Nivue nivae nini? Sanduku langu limeshapelekwa moja kwa moja Dubai. Nipande ndege ya daraja la biashara peku, waseme Mmakonde huyo?"

Walitukanana vizuri kwa dakika kadhaa. Mwishowe bwana wa bandarini akatoa hukumu, na alipokuwa anaitoa jicho lake lilikuwa kwenye daftari langu pale mezani. Mzee hatanunua viatu vingine kwa ajili ya safari ya angani. Katika kila uwanja atavaa hivyohivyo. Na kwa kuwa viatu vimeamua kwenda kuiona dunia bila mwenyewe, mwenyewe ana haki ya kujua vimekaa vyumba gani, na vimeonaje. Kila chumba, ripoti.

"Na usinidanganye," alimalizia. "Huyu binti ana daftari, ataandika."

Akaondoka kwenda kikaoni, anavuta miguu kama bata, bado anacheka. Mama alisubiri mlango ufungwe.

"Hajaandika barua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini kiatu kimepotea. Nilisema nini kuhusu kiatu?" Hakuwa mkali, alikuwa anafikiri. "Mkataba wako hausainiwi Ijumaa. Viatu vikirudi, tutaongea. Visiporudi, hatutaongea."

Basi, kwa zaidi ya wiki mbili, kazi yangu ilikuwa miguuni mwa mtu aliyekuwa juu ya bahari. Kila asubuhi nilikuwa napanga viatu vya wageni kwa kuacha nafasi ya mkono mzima kati ya jozi na jozi, na nilikuwa sitoki karibu na mlango wakati ndege inaitwa. Ripoti zilikuwa zinaingia kwa sauti kwenye simu ya bwana wa bandarini, naye anamrushia mama, na mama ananiita. Nilikuwa nasikiliza mara mbili tatu ndipo niandike.

Dubai: "Mtani, hiki si chumba, ni mtaa. Maji yanateremka ukutani hayachotwi na mtu. Viatu vyako vimeniua, nimevivua chini ya kiti, nikavificha kwa begi. Akaja kijana na tai, nikasema nimekwisha, ananitoa nje. Kumbe kashika ndala laini ndani ya karatasi. Ananivalisha! Viatu akavichukua, vikarudi vinang'aa. Tangu umevinunua havijawahi kuona kiwi kama ile, na nina ushahidi wa picha." Picha ilikuwepo kweli.

Mumbai: "Hapa chai ni ya maziwa na tangawizi, umwambie yule binti bubu kwamba yake inakaribia, azidishe tangawizi. Jirani yangu ni mzee kama mimi, kapandisha miguu kwenye kiti kakunja, viatu vyake viko chini. Na mimi nikavua. Wametuletea korosho za pilipili kwenye kibakuli. Namuuliza mhudumu zinatoka wapi, ananiambia za hapahapa. Nikamwambia, mjukuu wangu, hizi nazijua tangu zikiwa ua."

Hiyo niliisikiliza mara nyingi zaidi. Korosho tunazowawekea wageni huwa anazikaanga mama yangu mzazi, Mtawanya, kwa kuni, na yeye huziokota kwenye mikorosho ile ile ambayo ndugu zetu wanauza magunia yake ghafi. Inawezekana magunia yanapita baharini, yanabanguliwa huko, na mwisho yanakaa kwenye kibakuli cha VIP mbele ya mtu wa Masasi. Nilijaribu kuichora njia hiyo pembeni ya ukurasa. Ilitoka kama uzi uliokorogeka.

Vietnam: "Chumba kidogo, watu wengi, kimya. Asubuhi wanakunywa supu ya tambi, ya moto, na majani mabichi juu. Nimekunywa bakuli mbili. Hapa nimevua viatu bila kujificha, hakuna aliyegeuka. Mtani, nimechunguza sasa kwa makini kila nilipopita. Nitakwambia nikija."

Alikuja siku ya Jumanne kwa ndege ya asubuhi. Nilimtambua kutoka dirishani kabla hajamaliza ngazi, kwa sababu alikuwa anashuka kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga miiba. Bwana wa bandarini alikuwa ameshafika na ile jozi kubwa ndani ya mfuko wa rambo. Mama msimamizi alisimama katikati ya chumba, amefumbata mikono. Mimi nilikuwa karibu na birika.

Mzee alivulia mlangoni, akavishika viatu kwa mikono miwili, akaja navyo juu ya zulia.

"Chukua. Vimetembea kuliko wewe."

Bwana akavivaa. Akapiga hatua mbili, kisigino kikatoka. Akajaribu tena.

"Vimenipwaya!"

"Vimeona dunia, vimekuwa."

"Umevipanua na miguu yako ya Kiyao! Hii ni faini nyingine. Jogoo."

"Jogoo umpeleke wapi, wewe unayekula ming'oko?"

Wakaendelea. Mama aliwaacha kidogo, kisha akapaza ile sauti ya kanisani.

"Mzee, subiri. Ulisema umechunguza. Dunia nzima huko, wanavua au hawavui?"

Nilishangaa. Lile swali nilidhani ni langu peke yangu.

Mzee aliacha kucheka. "Wanavua, mama. Wote. Ila sehemu nyingi wanavua kwa kuficha. Utamwona mtu na suti yake, chini ya meza kidole kinachezacheza. Akiona unamtazama anarudisha mguu kwenye kiatu. Hapa kwenu tu ndipo nimeona mtu anaviacha mlangoni, anasahau."

"Anasahau mpaka vinaibiwa," bwana wa bandarini akasema.

Mama hakucheka. Alisimama akifikiri, na mimi nilikuwa naangalia mkono wake, kwa sababu alikuwa ameshika bahasha yenye nembo ya kampuni. Kisha aliegemea kiti, akavua kiatu kimoja, kile cheusi cha kisigino anachovaa kila siku. Akavua na cha pili. Akaviweka chini akasimama juu ya zulia na soksi zake za nailoni, akasogeza vidole. Miezi mitatu na zaidi alikuwa anapita juu ya zulia lile, na sijui kama aliwahi kuligusa.

"Kumbe ni laini hivi," alisema.

Akanipa bahasha bila kunitazama, akili yake ilishakuwa mlangoni.

"Saini, halafu nenda Chikongola, mtafute fundi seremala. Atutengenezee rafu ya viatu. Kila jozi na kibao chake cha namba, mgeni anapewa kibao mkononi. Na mwambie nafasi ziwe pana, kuna wageni wana miguu."

"Umesikia, mtani?" bwana akasema.

"Nimesikia. Bubu naye kasikia? Aseme basi kitu, leo ni siku yake."

Wote watatu wakanigeukia. Nilihisi ulimi unaanza uzito wake wa kawaida. Nikaweka maji kwenye birika, nikabonyeza.

"Leo nimekuletea ming'oko," nikasema. "Iko kwenye friji. Lakini kwanza ulipe jogoo."